Milima ya Uani kwa Katekista

Mvua za mwisho zilipokatika, na matope ya barabara ya Baraka yakaanza kugeuka vumbi, Katekista alifagia uani kwake akapanga milima. Hakuwa na ramani. Alikuwa na mawe aliyookota mtoni, punje za mahindi, makokwa ya ngazi, yaani ya mchikichi, na kijiti kimoja. Jiwe bapa lilikuwa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Jiwe kubwa lenye rangi ya kutu lilikuwa Fizi. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa jiko la mkewe, aliweka jiwe dogo jeupe, na hilo lilikuwa Lubondja. Katikati ya mawe alikusanya udongo kwa viganja akatengeneza mafungu, moja refu kuliko jingine. Hiyo ndiyo miinuko. Kila kokwa lilikuwa mahali pa kunywa maji. Kila punje ya hindi ilikuwa nyumba ambayo msafiri angeweza kubisha hodi.

"Musikanyage Fizi!" alitupigia kelele sisi watoto wa jirani tulipopita mbio. "We Wilondja, toka pale! Unasimama juu ya kanisa."

Kuku ndio hawakumsikia. Kila mwaka walikula nyumba zote za njiani kabla safari haijaanza, naye akaenda kumlalamikia mkewe.

"Mama! Kuku yako imemaliza batu bote ba Lubondja!"

"Na we, nani alikutuma kumwanga mahindi mbele ya kuku? Njo akili ya bakatekista?"

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Nilimjua tangu nilipoanza kujua watu, na bado sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Katekista, na siku akikasirika alimwita Bwana Katekista. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto sala, kuzika wafu padri asipokuwepo, na wakati wa kiangazi kupanda milima kutembelea vikanisa vya huko juu kwa baiskeli. Kwetu baiskeli tunaiita kinga. Ya kwake ilikuwa nyeusi, nzito, isiyo na breki, na nadhani aliipenda kuliko viatu vyake, kwa sababu viatu aliwahi kuwaazima watu.

Mambo ya milima yake yangebaki mchezo wa uani kama wazazi wetu wasingekufa. Walikufa mmoja nyuma ya mwingine katika msimu mmoja wa mvua. Mimi nilikuwa mkubwa, darasa la tano. Nyuma yangu alikuwepo ndugu yangu Wilondja, na nyuma yake dada yetu Riziki, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Siku ya kumaliza matanga mjomba wetu alifika kutoka Lubondja. Alikuwa mkulima wa karanga, mtu wa maneno machache, si mtu mbaya. Aliona sufuria zetu, akaniona mimi, akasema Riziki ataenda naye, maana watoto wawili hawawezi kulea wa tatu. Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha, kwa kuwa siku hiyo Riziki alikuwa amelia njaa mbele ya wageni.

Kisha mjomba akasema neno lililotufunga sote. Alilisema kwa upole, amesimama mlangoni, na majirani wakisikia.

"Mvua inafunga njia, ile mi najua. Lakini kiangazi njia iko wazi. Kama kiangazi inapita muzima na hamukuja kumuona mutoto, basi musikuje tena kumuuliza. Atakuwa wa kwangu. Ataitika jina yangu."

Nilitazama chini. Lubondja ni juu, nyuma ya Fizi, na mimi sikuwa nimefika hata Fizi. Malori yalipanda siku za soko kwa wenye kulipa. Sisi tulikuwa na kinga ya baba, ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuipanda.

"Batakuja," alisema mtu nyuma yangu. Alikuwa Katekista, ameshika kikombe cha chai ya matanga.

"Kila kiangazi?" mjomba aliuliza.

"Kila kiangazi. Mi mwenyewe nitabaonyesha njia."

Mkewe alimtazama. Katekista akanywa chai yake kana kwamba hakusema kitu. Mimi niliacha shule juma hilo. Na mvua zilipokatika, alitoboa tundu katika ua wa minyaa, tukaanza kuingia uani kwake kujifunza milima.

Alitufundisha kwa kutuuliza. Alikaa kwenye kigoda, akaelekeza kijiti kwenye fungu la udongo, akasema, "Hapa uko wapi?" Ukijibu vizuri alisonga mbele. Ukikosea alikurudisha Baraka, hata kama ulikuwa umebakiza fungu moja. Mwinuko wa kwanza baada ya kulipa ziwa mgongo uliitwa Tua-Mzigo. Wa pili ulikuwa Mgongo wa Mbuzi. Wa mwisho, karibu na Lubondja, uliitwa Nyamaza, kwa kuwa pale hata msemaji mkubwa hukatika maneno. Majina hayo hayakuandikwa popote. Waliyatoa wasukuma kinga waliopandisha chumvi na samaki na kushusha maharage, na Katekista alitutaka tuyajue kama tulivyojua sala ya asubuhi.

Kuipanda kinga nilijifunza katika kiwanja cha mpira, kando ya shule niliyoiacha. Wenzangu walinitazama kupitia madirisha. Bamama waliotoka ziwani na mabeseni ya ndakala, dagaa wa kwetu, kichwani walisimama kabisa.

"Eee! Mutoto mwanamuke juu ya kinga? Kikwembe yake itaingia mu munyororo!"

"Katekista, unafundisha batoto sala ao unabafundisha kuanguka?"

"Kuanguka anajua tayari," alijibu, huku akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. "Namufundisha kuamuka."

Nilianguka, nao wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kukufichia aibu yako. Baadaye alikata ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, akanipa nifunge kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, magotini. Ukanda huo ninao hadi leo.

Lakini milima ile huipandi umekaa. Unaisukuma, na hapo ndipo kuna desturi niliyoikuta kwake na ambayo sijaiona ikifuatwa na watu wengine kwa ukali ule. Tunaiita kurudilia. Chini ya kila mwinuko mbaya, watu wawili huacha kinga moja bondeni pamoja na mzigo wake. Nyingine huisukuma pamoja, mmoja ameshika usukani na mwingine yuko nyuma. Wakifika juu huilaza chini, kisha hushuka kwa miguu kuirudilia ile ya pili. Kwa hiyo kila mlima unaupanda mara mbili, na yule anayepita peke yake na mfuko mtupu anakucheka.

Kusukuma si tatizo. Tatizo ni kinga ya nani itangulie. Mwenye kinga iliyotangulia akifika juu, mbele yake kuna mteremko na upepo. Akitaka, anapanda zake na kwenda, na mwenzake anabaki bondeni na mzigo ambao hawezi kuusogeza. Wapo waliofanya hivyo. Ndiyo maana Katekista hakugusa kinga yake mwenyewe wakifika chini ya mlima. Alishika ya mwenzake, akasema, "Ya kwako kwanza." Na mwenzake, kama alikuwa mtu wa adabu, naye alishika ya Katekista na kusema hivyo hivyo. Nimeona wanaume wazima wakibishana chini ya Tua-Mzigo, kila mmoja ameng'ang'ania kinga ya mwenzake kama wanagombana.

Katekista alishinda kila mara, kwa sababu hakuwa na haya. Alikaa chini, katikati ya barabara, na vumbi lote lile, mpaka mwenzake akubali kutangulizwa.

Kiangazi cha kwanza tulipanda sisi watatu. Katekista alisukuma yake, Wilondja ya baba, mimi nilibeba kichwani samaki wa kumpelekea mjomba. Tua-Mzigo tuliupita vizuri, tukalala Fizi kwa mama mmoja aliyekuwa punje ya hindi katika ramani yetu. Kesho yake tukafika Mgongo wa Mbuzi. Katekista akashika kinga ya baba. "Ya kwako kwanza," akamwambia Wilondja, nao wakaisukuma hadi juu. Kisha akageuka kushuka, akidhani Wilondja yu nyuma yake.

Wilondja hakuwa nyuma yake. Ndugu yangu alikuwa amesimama juu ya mlima kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mbele yake mteremko umelala kama mkeka. Alipanda kinga ya baba, akaiachia.

Tulisikia kengele ikilia upande wa pili, ikazidi kwenda mbali. Katekista alifika chini, akatazama nyuma, akaelewa. Akakaa karibu na kinga yake.

"Papa Katekista, tusukume mi na we," nilisema. "Mi iko na nguvu."

"Najua."

"Basi tuende! Riziki anangoja. Balimuambia ni leo."

"Hii kinga iko na mwenzake," alisema. "Atarudi."

"Na kama harudi?"

"Basi tutajua leo. Ni muzuri kujua leo."

Nilikasirika kiasi cha kutaka kumwachia samaki wale na kwenda peke yangu. Nilimwona Riziki amesimama barabarani huko Lubondja. Nilimwona mjomba akihesabu kwamba tumeshindwa mwaka wa kwanza tu. Katekista alitoa muhogo wa kuchemsha mfukoni, akanikatia nusu, akaanza kunieleza habari za mbuzi aliyewahi kuingia kanisani wakati wa mahubiri. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine.

Wilondja alirudi kwa miguu, magoti yamechunika, uso una vumbi lenye mifereji ya machozi. Kinga ya baba alikuwa ameisukuma peke yake kutoka bonde la upande wa pili hadi juu, kisha ameiacha pale akashuka kwetu. Alisimama mbele ya Katekista akingoja kofi.

"Ulifika wapi?" Katekista aliuliza.

"Mpaka ku mutoni."

"Kuko mutoni pale?"

"Kuko. Mudogo."

"Na maji yake ni muzuri?"

"Muzuri. Nilikunywa."

"Asante. Ile mi sikujua." Akainuka, akapangusa vumbi la suruali. "Haya, shika nyuma."

Mwaka uliofuata, alipopanga milima uani, aliweka kokwa jipya nyuma ya Mgongo wa Mbuzi. "Hapa ni mutoni ya Wilondja," alituambia, na tangu hapo ndivyo ulivyoitwa, hata na wasukuma kinga wasiomjua Wilondja ni nani. Ndugu yangu hakumwacha tena mtu bondeni. Sasa ni baba wa watoto, na sijawahi kumwona akitangulia hata mlangoni.

Tulifika Lubondja siku moja baada ya ile tuliyoahidi. Riziki alikuwa ameshinda barabarani jana yake yote, na siku ile alikuwa amekataa kutoka nje. Tulipoingia uani kwa mjomba alijificha nyuma ya mke wa mjomba, akitukodolea macho kama wageni. Kisha aliona kinga ya baba. Alikuja polepole, akaweka mkono juu ya kiti chake kilichopasuka, mahali ambapo baba alikuwa akimkalisha. Aliijua kinga kabla ya kutujua sisi. Mjomba alituangalia, akasema, "Nilisema mumeshindwa." Katekista akamjibu, "Kiangazi iko bado," naye akacheka, akatuletea maji.

Kwa mtu aliyepanga safari vizuri namna ile, sijaona aliyechelewa kuondoka kama yeye. Alisema tutaondoka kabla ya jua kutoka, na jua lilipokuwa kichwani bado alikuwa anaaga. Aliaga nyumba zote za upande wetu, Wakatoliki na Waprotestanti, hata wale waliomwambia wazi kwamba wamechoka kuagwa. Kwake kuondoka bila kuaga kulikuwa aina ya wizi.

Na kupanda alipanda kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, ila kushuka aliogopa mno. Wengine walikata tawi kubwa la mti, wakalifunga nyuma ya kinga liburute chini badala ya breki, wakashuka wakiimba. Yeye alifunga tawi na bado alishuka kwa miguu, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi. Mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, rafiki yake wa kutaniana, alikuwa akimpita kwa kasi huku akimpigia kelele, "Katekista, imani yako inapandaka tu? Haishukake?"

"Inashuka na miguu!"

Aliishi karibu na ziwa na hakujua kuogelea, na mtumbwi hakuupanda maisha yake yote. Ndugu yake alipooa kule Kazimia, kijiji cha ziwani, watu wote walikwenda kwa boti na ngoma. Yeye alizunguka kwa nchi kavu na kinga yake, akafika sufuria zimeshaoshwa. Alirudi akiwa amefurahi sana. Mkewe alipomuuliza bibi harusi yukoje, alisema hakumwona, lakini amegundua njia nzuri.

Alikuwa mnyimivu wa chumvi. Alipobeba chumvi ya kuwapelekea watu wa vikanisa, alitupimia sisi kwa ncha ya vidole, hata mboga ya sombe, majani ya muhogo, ikiwa haina ladha kabisa. Lakini mtu huyo huyo alimkuta mkulima, mkimbizi kutoka Burundi, amekwama na gunia la mihogo upande wa Mboko, tairi la kinga yake limepasuka kiasi cha kutozibika. Katekista alivua tairi la mbele la kinga yake akampa, kisha akarudi Baraka amebeba kinga begani. Mkewe alimpokea mlangoni.

"Bwana Katekista. Sasa njo kinga inakupanda?"

"Leo ilikuwa zamu yake," alisema, akaenda kulala.

Mimi nilikua hivyo, kwa viangazi. Miezi mingine nililima mihogo, nikauza unga, nikamsomesha Wilondja hadi alipofika, nikaziba paa. Watu huniuliza kama nilijuta kuacha shule. Nilijuta kila asubuhi kengele ya shule ilipolia, na kengele ililia karibu. Lakini uani kwa Katekista palikuwa na jiwe jeupe, na kila mwaka nililiona likiwekwa mahali pake, nikajua kazi yangu iko wapi.

Kuna mwaka mmoja njia ilifungwa. Milio ya risasi ilisikika upande wa juu, watu wa Fizi wakashuka na magodoro, wasukuma kinga wakalaza kinga zao. Kiangazi kikawa kinapita. Uani hapakupangwa mlima wowote. Nilihesabu miezi iliyobaki nikiwa nimekaa jikoni, na siku moja nilianza kufunga mzigo. Katekista alipita tundu la ua, akanikuta.

"Unaenda wapi?"

"Unajua."

"Na Wilondja?"

"Wilondja atabaki. Kama nakufa, abakie muntu wa kuenda mwaka kesho."

Alitazama mzigo wangu kwa muda, akasema nisubiri, padri atatafuta habari ya njia. Juma lile akatuaga. Alisema padri amemtuma Mboko, kazi ya parokia, na atakawia. Alikawia kweli. Aliporudi alikuwa anachechemea, goti limevimba kama kibuyu, akasema ameanguka barabarani Mboko. Akanipa ujumbe: mjomba amepeleka neno kwa mtu wa soko kwamba Riziki ni mzima, na kwamba mwaka huo hauhesabiki. Nilimshukuru Mungu, na mjomba, na mtu wa soko. Goti lile halikupona tena. Tangu hapo alitembea kama mtu anayepanda ngazi hata penye tambarare.

Riziki ndiye aliyeniambia ukweli, miaka mingi baadaye, tukimenya karanga, akidhani ninajua. Mwaka ule wa risasi alikuwa uani kwa mjomba, akamwona mtu akija peke yake juu ya Nyamaza, anasukuma kinga hatua chache, anaegemea, anasukuma tena. Mguu ulikuwa unavuja damu. Alipofika hakuomba hata maji. Alimwambia mjomba, "Mi ni muntu wa ile nyumba ya Baraka. Nimemuona mutoto. Kiangazi haikupita."

Yeye aliyetufundisha kwamba mtu hapandi mlima peke yake. Nilimfuata kumuuliza. Alikuwa anamwagilia mboga.

"Papa Katekista, ule mwaka ulienda Mboko kweli?"

"Ule mwaka," alisema, "niliendaka fasi mingi." Na akaendelea kumwagilia mboga, na mimi nikachota maji ya ndoo ya pili.

Mkewe alipofariki, binti yake alikuja kumchukua wakaishi Mboko. Nyumba yake wamepanga watu wengine, na tundu la ua limeziba lenyewe, minyaa ikiota huwa haikuulizi. Kwa miaka kadhaa nilimwona Pasaka tu.

Kiangazi hiki Riziki anaolewa. Mjomba wetu, ambaye sasa ni mzee mwenyewe, ndiye aliyetuma habari, na alisema maneno ambayo Wilondja alinifanya niyarudie mara nyingi: mahari hatapokea yeye, binti ni wa nyumba ya Baraka, watu wa nyumba ya Baraka waje wamtoe. Nilikwenda Mboko siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Katekista barazani, nyuma ya meza ambapo binti yake huuza muhogo na mafuta ya mawese. Macho yake yameingia ukungu. Alinitambua kwa mlio wa kinga ya baba.

"Ile munyororo bado kulia?" alisema. "Weka mafuta."

Nilimweleza habari za harusi. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akauliza tunaondoka lini.

"Nitakutafutia pikipiki, papa. Itakufikisha siku moja."

"Pikipiki ya nini? Pikipiki haina mwenzake. Inapandaka yenyewe tu." Alinyoosha mguu mbaya, akaupapasa. "Mutanikalisha nyuma ya kinga yangu kama gunia. Mi naweza kuwa gunia. Fagia pale."

Nilifagia. Nilitafuta mawe pembeni ya barabara, nikaomba makokwa na punje za mahindi kwa binti yake, nikapanga milima miguuni pake, mimi ambaye kwa miaka yote nilijibu tu maswali. Aliinama akapitisha vidole juu ya udongo, polepole, kutoka Baraka. Alipita Tua-Mzigo. Alipita Fizi. Nyuma ya Mgongo wa Mbuzi vidole vyake vilisimama, vikatafuta, vikatafuta tena.

"Mutoni ya Wilondja iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau. Nikaweka kokwa.

"Haya," alisema. "Sasa tunaweza kuenda."

Wilondja alimtoa Mboko hadi Baraka, nasi tukachelewa kuondoka Baraka kwa sababu alitaka kuaga, na wengi wa aliotaka kuwaaga wamekwisha kufa, hivyo ikabidi apewe pole kwa kila mmoja wao. Jua lilikuwa limepanda tulipofika chini ya Tua-Mzigo. Wilondja alikuwa anasukuma kinga ya Katekista na mzee amekaa juu ya kibebeo kwenye blanketi iliyokunjwa, mikono imeshika kiti. Mimi nilisukuma ya baba, nimeifungia vitenge vya Riziki, sufuria mpya na gunia dogo la chumvi ambalo Katekista alituamuru tusilifungue.

"Yaya, laza yako hapa," Wilondja aliniambia mimi, dada yake mkubwa. "Tupandishe papa kwanza, kiisha turudilie ya kwako."

"Ngoja," alisema Katekista. "Munishushe."

"Papa, kaa tu. Bado kidogo tu tuko juu."

"Munishushe nasema."

Tulimshusha. Tulidhani anataka kujisaidia. Alisimama akayumba, akapapasa hewani, akauliza mlima uko upande gani. Wilondja akamgeuza. Mzee akasogea hatua moja, mbili, mpaka mkono wake ukagusa mzigo wa kinga ya baba. Akakilaza kifimbo chake cha kutembelea juu ya vitenge vya harusi, akaweka viganja vyote viwili nyuma ya kibebeo.

"Ya kwako kwanza," aliniambia.

"Papa, goti yako."

"Ya kwako kwanza."

"Papa Katekista," Wilondja alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa magoti yaliyochunika, "leo utuachie. Deni yenye tuko nayo kwako inatosha. Utuachie leo tu."

Mzee aliachia kibebeo, akakunja mguu mzima, akaunyoosha ule mbaya, na kwa shida kubwa akakaa chini katikati ya barabara, na vumbi lote lile. Pikipiki moja iliyobeba wanawake wawili ikatukwepa, ikapiga honi. Yeye alitazama mbele, mahali alipodhani mlima upo, kama mtu mwenye siku nyingi.

Ndugu yangu alinitazama. Nikamtazama. Kisha nikashika usukani wa kinga ya baba.

"Haya, papa. Ya kwangu kwanza."

Wilondja alimwinua. Walisimama wote wawili nyuma ya kibebeo, bega kwa bega, nami nikaanza. Viganja vile havikuwa na nguvu ya kusukuma hata kuku, nilijua, ila nilivisikia katika chuma hadi kwenye usukani. Tulipanda hatua chache, tukapumzika, tukapanda tena, na vumbi la kiangazi likitufuata. Sikugeuka nyuma. Chini kule kinga yake nyeusi ilikuwa imelala barabarani bila mtu wa kuilinda, na wala hakuniuliza kama bado ipo.